Bwana wa Peñafiel na Fundi wa Viatu

Don Juan Manuel, mpwa wa mfalme Alfonso wa Kumi na bwana wa ngome ya Peñafiel katika nchi ya Kastilia, aliyezaliwa mwaka 1282 na kufariki mwaka 1348, alisimulia kisa kimoja ambacho kila mtunzi wa mashairi angependa kukisikia. Katika mji wa Perpignan alikuwapo mwungwana, askari wa farasi, aliyetunga wimbo uliosifika kwa maneno na kwa mahadhi. Siku moja, akipita njiani, akamsikia fundi wa viatu akiuimba wimbo huo ovyo: maneno kayapotosha, sauti kaivuruga. Mwungwana akashuka, akaketi karibu na fundi, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akatwaa mkasi akavikatakata viatu vyote alivyovikuta vimekwisha shonwa. Kesi ikafika mbele ya mfalme. Mwungwana akajitetea kuwa hakumtendea fundi ila lile alilotendewa yeye, kwani kazi yake nayo imekatwakatwa. Mfalme akacheka, akamlipa fundi thamani ya viatu vyake, akamkataza asiuimbe tena wimbo ule, na akamwamuru mwungwana naye amwache fundi kwa amani.

Don Juan Manuel hakukisimulia kisa hiki kwa kuchekesha tu. Alikiweka katika utangulizi wa jumla wa kazi zake ili kueleza hofu yake. Aliwajua wanakili: herufi moja hufanana na nyingine, neno likageuka, na msomaji akamlaumu mtunzi kwa kosa ambalo si lake. Kwa hiyo aliamua kuwa na kitabu kimoja kikuu kilichokusanya kazi zake zote, alichokisahihisha kwa mkono wake mwenyewe, na kitabu hicho akakiweka amana kwa watawa wa Kidominiko wa San Pablo, pale pale Peñafiel, katika nyumba ya watawa aliyoiasisi yeye. Atakayeona kasoro katika nakala yoyote, alisema, asimlaumu kabla hajakitazama kitabu kile.

Kitabu kile kimepotea. Ngome ipo, San Pablo ipo, kitabu hakipo.

Hili ndilo jambo ambalo mpanda baiskeli anayeondoka Peñafiel asubuhi angefaa aondoke nalo kichwani, ingawa vitabu vya watalii havimpi. Vitabu hivyo humpa maneno mawili, mvinyo na ngome, kana kwamba njia yote ni ubeti wenye vina viwili vinavyopokezana kutoka kituo hadi kituo. Kichwa hicho cha habari kinauza, wala si uongo. Lakini ni kichwa kilichobandikwa juu ya matini isiyosomwa, na anayeuzunguka mzunguko huu kwa mwendo wa baiskeli, ambao ni mwendo wa kusoma, hugundua kuwa njia inazungumza jambo jingine kabisa: nini husalia kati ya kitu kilichofungiwa na kitu kilichoachiwa watu.

Njia yenyewe si ngumu. Peñafiel imo mkoa wa Valladolid, kiasi cha mita 750 juu ya bahari, mahali mto Duratón unapoingia katika Duero. Barabara huufuata Duratón kwa kuupanda, kupitia Rábano, Torre de Peñafiel na Laguna de Contreras, hadi Fuentidueña iliyo katika mkoa wa Segovia. Hapo huliacha bonde, hukwea vilima na kufika Sacramenia, kisha hupinda kuelekea kaskazini kwenye Cuevas de Provanco, hushuka pamoja na kijito cha Botijas hadi Castrillo de Duero na Olmos de Peñafiel, na kurudi ilikoanzia. Jumla yake ni kati ya kilomita 60 na 75, kutegemea vijia anavyovichagua mwendeshaji. Ni kazi ya siku moja kwa mtu mwenye gia za kutosha na asiyekuwa na haraka. Magari ni machache. Anayekusumbua ni upepo wa uwanda wa juu, ambao wenyeji wanauita páramo, kwa kuwa huko hakuna mti wa kumkinga mtu, na wakati wa kiangazi hakuna kivuli cha kupumzikia. Baridi nako si ya mchezo, theluji ya asubuhi yaweza kuwaka juu ya majani hata mwezi wa Mei. Anayetaka kuyaona mashamba yakiwa na watu aende mwishoni mwa Septemba au Oktoba, wakati wa mavuno.

Ngome ya Peñafiel humwonekania mtu kabla ya mji wenyewe. Imekaa juu ya mgongo wa kilima, ndefu kupita mita 200, nyembamba mno kwa urefu huo, na katikati yake umesimama mnara mkuu wa mita 34. Ukuta uonekanao leo sehemu kubwa ni wa karne ya 15. Kila anayeiandika ngome hii huifananisha na merikebu iliyopanda juu ya mwamba. Tashbihi hiyo imetumika hata imechakaa, na kwa msomaji wa mwambao ina kasoro ya ziada, maana ni merikebu ya watu wa bara, iliyofananishwa kwa umbo tu na mtu ambaye hajawahi kungoja maji yajae. Hata hivyo baiskeli huirudishia uhai kidogo. Aliye ndani ya gari huiona ngome mara moja, ikiwa ubavu mzima, akapiga picha na kuondoka. Mpanda baiskeli huiona ikigeuka. Barabara inapopinda, ule ubavu mrefu hufupika polepole, hata kinachobaki ni ncha tu na mnara juu yake, kama chombo kilichogeuza omo na kumwelekea mtazamaji. Basi tashbihi haikuwa mbaya. Iliharibiwa na waliosimama mahali pamoja.

Ndani ya ngome hiyo, tangu mwaka 1999, pana makumbusho ya mvinyo ya mkoa. Uamuzi huo una faida yake, kwani jengo lisilotumiwa huanguka. Lakini kama ni usomaji wa historia, ni usomaji uliopinda. Umeuweka mvinyo ndani ya ngome kana kwamba mvinyo ni mwana wa ngome, ilhali mizabibu haikulindwa na minara hiyo wala haikupandwa na mabwana wake kwa mikono yao. Chini ya kilima hicho hicho kuna mahandaki yaliyochimbwa na watu wa mizabibu, na kampuni ya Protos, iliyoanzishwa mwaka 1927 na wakulima wachache waliokusanya nguvu, ilijipatia umaarufu kwa mapipa yaliyolala humo gizani. Vijijini kwenye mzunguko huu mtu huona vilima vidogo vilivyotobolewa milango, na juu yake vijibomba vya mawe vinavyochomoza katika nyasi. Hivyo ni vipumulio vya maghala ya chini ya ardhi, ambamo familia ziliweka mvinyo wao kwa ubaridi usiobadilika. Mtalii hupita akitazama juu, kwenye mnara. Kilichoilisha nchi kilikuwa chini ya magurudumu yake.

Msomaji wa pwani ambaye kinywaji hicho hakimhusu hapungukiwi kitu katika sehemu hii ya njia. Kwanza, mwenye akili hagusi mvinyo na bado ana kilomita 50 za kuendesha. Pili, kinachostahili kutazamwa ni mti, si chupa. Mzabibu wa hapa ni tempranillo, ambao wenyeji huuita tinto fino. Jina la kwanza limetokana na neno la Kihispania lenye maana ya mapema, kwani zabibu zake hutangulia kuiva, na hiyo ndiyo hekima ya kuupanda katika nchi yenye kiangazi kifupi. Mizabibu mikongwe haitundikwi kwenye nyaya. Hukatwa ikabaki kisiki kifupi kilichokunjana, chenye vichwa vitatu au vinne, kimejibanza karibu na ardhi kukwepa upepo. Wakulima wanapozungumzia uzito wa zabibu, wazee bado hutaja arroba, yaani kilo 11 na nusu. Neno hilo ni robo, lile lile la Kiarabu ambalo kwa Waswahili limebaki na maana ya sehemu moja katika nne, na kwa Wakastilia likawa kipimo. Eneo zima la Ribera del Duero lilipata hadhi yake rasmi ya mvinyo mwaka 1982 tu. Kabla ya hapo jina hilo halikuwa na sauti kubwa nje ya nchi, na hata leo fahari nyingi inayosimuliwa kuwa ya kale ina umri wa mtu mzima mmoja.

Kastilia ina wasomaji wake wakubwa, na mkubwa wao katika ushairi ni Antonio Machado, aliyekuwa mwalimu wa Kifaransa huko Soria tangu 1907 hadi 1912, kisha Segovia tangu 1919 hadi 1932. Diwani yake ya *Campos de Castilla*, iliyotoka mwaka 1912, iliifundisha Hispania kuiona nchi hii kuwa kavu, yenye ukubwa uliokwisha, nchi ya vivuli vya askari. Alikuwa na haki ya kuiona hivyo, maana alikuwa na jicho na alikuwa na msiba. Kosa ni la waliomfuata. Maneno yake yamenakiliwa na waandishi wa safari mpaka kila kilima cha Kastilia kikawa cha huzuni, hata kile ambacho siku hiyo hiyo kina watu 20 walioinama wakikata vichala na redio imewashwa ndani ya trekta. Hapo fundi wa viatu ni mtu aliyesoma sana.

Basi msafara na uendelee hadi Fuentidueña, kwani hapo ndipo njia inapoanza kusema wazi. Mji uko juu ya mto, umezungukwa na mabaki ya ukuta, na kileleni pana ngome iliyobomoka ambayo hakuna aliyeona faida ya kuitengeneza. Karibu na ngome palikuwa na kanisa la San Martín, la karne ya 12. Lilikwisha anguka, isipokuwa upande wake wa madhabahu, ile nusu duara ya mawe yaliyochongwa kwa ustadi. Mwaka 1957 serikali ya Hispania ilikubaliana na makumbusho ya Metropolitan ya New York: nusu duara hiyo iende Marekani kwa mkopo usio na mwisho, na badala yake Hispania ipewe baadhi ya michoro ya ukutani ya kanisa la San Baudelio de Berlanga, ambayo ilikuwa imekwisha uzwa nje miongo kadhaa kabla. Mawe yapatayo 3,300 yaling'olewa moja moja, yakaandikwa namba, yakavushwa bahari, na mwaka 1961 yalionyeshwa yakiwa yamesimamishwa upya katika jengo la The Cloisters, juu ya mto Hudson. Fuentidueña pamebaki kuta za chini, na makaburi yaliyochongwa ndani ya mwamba kwa vipimo vya miili ya watu. Mpanda baiskeli aliyekwea hadi hapo akihema hukuta nafasi. Ngome ipo imevunjika, kanisa lipo New York limekamilika, naye amesimama kati ya hayo mawili akinywa maji ya chupa yake.

Sacramenia, kilomita chache mbele, jambo hilo hilo lilitendeka kwa namna ambayo mtunzi wa hadithi angeona haya kuibuni. Huko kulikuwa na nyumba ya watawa wa Kisista iliyoasisiwa mwaka 1141, yenye ua wa ndani uliozungukwa na matao. Mwaka 1925 tajiri wa magazeti William Randolph Hearst aliununua ua huo pamoja na ukumbi wa chakula wa watawa. Mawe yakafungwa ndani ya majani makavu, yakatiwa katika masanduku karibu 11,000, kila sanduku na kila jiwe na alama yake, ili huko yaendako yapangwe kama yalivyokuwa. Lakini katika Segovia kulikuwa na ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe, na wakaguzi wa Marekani wakahofia majani. Masanduku yakafunguliwa, majani yakachomwa moto, mawe yakarudishwa ndani. Waliorudisha hawakujali jiwe gani ni la sanduku gani. Mali ya Hearst nayo ikayumba, na shehena ikakaa ghalani Brooklyn miaka 26. Mwaka 1952 wafanyabiashara wawili wakainunua, wakaipeleka Florida, wakatumia miezi 19 na dola zipatazo milioni moja na nusu kuyapanga mawe kwa kubahatisha na kulinganisha. Ua huo umesimama hadi leo North Miami Beach. Mawe mengine hayakupatiwa mahali.

Mtu aliyewahi kulinganisha hati mbili za utenzi mmoja hahitaji kufafanuliwa kisa hiki. Ubeti umehama, mshororo umerukwa, neno limetiwa mahali palipofanana na pake, na mhariri wa baadaye, aliyebaki na beti tatu mkononi zisizo na pa kukaa, huzitia mwishoni pembeni. Tofauti ni kwamba matini ya Sacramenia haikuharibiwa na mdomo wa fundi wa viatu. Iliharibiwa na wale waliodhamiria kuihifadhi, kwa namba, kwa masanduku na kwa fedha nyingi. Kanisa la watawa lenyewe halikuuzwa. Limebaki Sacramenia, katika ardhi ya mtu binafsi, kama wimbo uliong'olewa kibwagizo.

Kutoka hapo hadi Cuevas de Provanco njia hupanda tena, na hicho ndicho kipande kinachowachosha watu. Hakuna la kusimulia ila ngano iliyokwisha vunwa na upepo. Kisha mteremko wa Botijas, ambao hulipa deni lote.

Castrillo de Duero ni kijiji kidogo ambacho kimeipa lugha ya Kihispania neno zima. Kijito hicho kilikuwa na tope jeusi, liitwalo pecina, na watu wa vijiji vya jirani wakawaita wa Castrillo empecinados, waliopakaa tope. Mmoja wao, Juan Martín Díez, aliyezaliwa hapo mwaka 1775, alipigana na majeshi ya Napoleon kwa vita vya kuvizia kwa ukaidi uliowashangaza maadui zake, jina la utani likamganda yeye, na baada ya kunyongwa kwake Roa mwaka 1825 jina lilibaki likitembea. Leo kitenzi empecinarse kina maana ya kushikilia jambo bila kukubali kurudi nyuma, na anayekitumia Buenos Aires au Madrid hahitaji kujua kuwa anakanyaga tope la kijito cha Castrillo. Hakuna aliyelihifadhi neno hilo mahali. Lilianza kwa dhihaka, likasahauliwa asili, likazidi kuishi.

Tope hilo linamrudisha msomaji kwa Don Juan Manuel. Katika *El Conde Lucanor*, kitabu alichokimaliza mwaka 1335, chenye visa vipatavyo 50 ambavyo mshauri anamsimulia bwana wake, kimoja ni cha al-Mu'tamid, mfalme mshairi wa Sevilla, na mkewe Rumaykiyya. Bibi huyo alililia theluji, mume akampandia milozi juu ya vilima vya Córdoba ili maua yake meupe yawe theluji kila mwaka. Akalilia kukanyaga tope kama mwanamke maskini aliyemwona akifinyanga matofali. Mfalme akaamuru tope la sukari, mdalasini na manukato. Siku nyingine bibi alipolalamika kuwa hajatendewa jema hata siku moja, mfalme akamjibu kwa Kiarabu: hata siku ya tope? Don Juan Manuel aliliandika jibu hilo kwa Kiarabu chenyewe, kwa herufi za Kilatini. Visa vingine viwili navyo vina maneno kama hayo, na kipo kisa chenye nasaba na zile hadithi za Kalila na Dimna ambazo mwambao unazijua. Bwana wa Peñafiel aliyepigana na Waislamu wa Granada alikuwa akikopa kwao alipoketi kuandika. Hata kuta za San Pablo zinasema hivyo. Zimejengwa mahali palipokuwa alcázar ya mfalme, na alcázar ni kasri kwa herufi nyingine, nazo ni za matofali na matao ya mtindo wa mafundi Waislamu waliobaki chini ya wafalme Wakristo.

Wanakili waliokuja baadaye hawakukijua Kiarabu. Waliyachora maneno hayo kama walivyoyaona, na katika kila hati yana sura nyingine. Hapo hofu ya Don Juan Manuel ilikuwa ya kweli. Aliyoyaogopa yalimfika, na mhakiki anayemcheka kwa majivuno yake ya mtu mkubwa aanze kwanza kuisoma mishororo hiyo ilivyo katika hati. Fundi wa Perpignan aliuharibu wimbo, hilo halina ubishi. Mahadhi yaliyovunjwa ni mahadhi yaliyovunjwa, na mshairi wa pwani aliyesikia shairi lake likighaniwa bila mizani mbele za watu anazijua hasira za yule mwungwana, mkasi ukikosekana tu.

Lakini hesabu ya mwisho inamwendea nani? *El Conde Lucanor* kimesalia katika hati tano, zote zilizoandikwa baada ya mwandishi kufa, na kwa chapa iliyotolewa Sevilla mwaka 1575 na Argote de Molina. Kimesalia kwa mikono ile ile aliyoishuku. Na katika orodha ya kazi zake aliyoiacha mwenyewe kuna vitabu viwili ambavyo mpenzi wa ushairi hawezi kuvisoma majina bila kuumia: kitabu cha nyimbo alizozitunga, na kitabu cha kanuni za kutunga mashairi. Vyote viwili vimepotea. Mtu aliyemkatia fundi viatu kwa niaba ya watunzi wote ndiye aliyeachwa bila wimbo hata mmoja wa diwani yake, kwa kuwa hakuna fundi aliyeziimba nyimbo hizo, hata kwa makosa. Kilichobaki cha ushairi wake ni yale mafungu mafupi aliyoyatia mwishoni mwa visa vya *Lucanor*, ambayo yalipona kwa kuwa hadithi ziliwapendeza watu.

Hapa ndipo ulinganisho na mwambao unapojileta wenyewe, bila kulazimishwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hakuwa na nyumba ya watawa ya kumtunzia diwani. Tungo zake zilikuwa vinywani mwa watu. Miongo kadhaa baada ya kufa kwake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya kutoka kwa waliozikumbuka, akazieleza, na Mwingereza W. E. Taylor akaziandika na kuzipeleka kwao, hadi William Hichens akaitoa *Diwani ya Muyaka* mwaka 1940. Katika safari hiyo ya vinywa, hati za Kiarabu na herufi za Kilatini, yapo maneno yaliyoteleza, na wahakiki hawajaafikiana juu ya yote. Pengine Muyaka angeyasikia baadhi yake angeinua mkasi. Lakini Muyaka anasomwa. Anaweza kubishaniwa mshororo kwa mshororo, na aliyebishaniwa hivyo hajapotea. Don Juan Manuel mshairi hana hata mshororo wa kubishaniwa nje ya ile ya hadithi.

Haifai kulikuza jambo hili hadi likawa sifa ya uzembe. Ngome ya Peñafiel ingekuwa kama ile ya Fuentidueña lau isingalitunzwa, na hati za Taylor zisingalifika kwa Hichens kama zisingaliwekwa mahali pakavu. Kosa la Don Juan Manuel halikuwa kuweka amana. Kosa lilikuwa kuamini kuwa amana inatosha, na kwamba wimbo unaoimbwa vibaya ni hasara tupu. Hearst naye aliamini namba za masanduku. Mfalme wa Perpignan, kwa kicheko chake, alikuwa karibu zaidi na haki kuliko mwandishi aliyemsimulia, kwa kuwa alimlipa fundi. Alipokosea ni pale alipomkataza kuimba.

Kwa hiyo mzunguko huu ungefaa kuelekezwa kwa namna nyingine. Waelekezaji wengi humrudisha mpanda baiskeli Peñafiel na kumpandisha kwenye mnara, aone mandhari ya mabonde kisha aonje mvinyo. Kilima hicho mwishoni mwa siku ni kikali, miguu imekwisha choka, na mandhari hiyo ameshaipitia kwa magurudumu, hatua kwa hatua, kutoka pande zake zote. Afadhali auegemeze usukani wa baiskeli yake ukutani pa San Pablo, chini mjini, mkabala na matofali yale ya mafundi Waislamu. Mwandishi aliomba azikwe humo, karibu na kitabu chake. Saa kumi na moja jioni jua hupiga matao hayo kwa ubavu, na upande wa pili wa barabara watu hutoka kazini, wengine wakiimba.